Laini

Mteja wangu wa kwanza leo, Bi Nyanzala wa Ipuli,
kasimama mbele ya mwavuli wangu, hapa stesheni ya Tabora:
"Laini yako ni laini kweli, mwanangu?
Maana meno yamebaki mawili."
Alidhani nauza maandazi.

Simlaumu. Ni maneno mawili yaliyovaa shati moja.
Lile la ulaini lilitangulia,
lilikuja kwa miguu na misafara ya pwani.
La pili lilishushwa na mataruma, linanuka makaa.
Yakakutana mji huu, na hakuna aliyeyatenganisha.

Sisi tuliozaliwa Laini, kota za reli, nyumba ya sita,
tulilijua la pili kwanza.
Baba alitembea laini, nyundo begani,
akigonga chuma, akiinama kusikiliza kinavyojibu.
"Laini mbovu haipigi kelele," alisema. "Inanyamaza."
Viganja vyake vilikwaruza akitupaka mafuta,
tukakimbia uchi hadi kwa jirani.

Mihayo wa bodaboda, "Mambo laini!"
hata siku pikipiki yake iko kituoni.
Na yule bwana anayekagua vibali,
"Lainisha basi, dada."
Hiyo nayo ni laini. Ina bei, haina risiti.

Baba alipofariki nilibaki na laini yake,
ndogo kuliko ukucha, ndani ya kibiriti.
Kila mwezi niliitia vocha ya mia tano
isije ikafungwa.
Masika haya nikaugua, nikasahau.
Mimi, ninayewaonya wateja kutwa nzima.

Jana usiku nikapiga.
Ikaita.
Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama.

"Haloo? Nani mwenzangu?"
Kijana. Nyuma yake mbuzi analia.
Yuko Kaliua, kaisajili wiki iliyopita.
Nikamwambia nimekosea namba.

Akajibu kwa sauti, sina neno jingine, laini:
"Haina shida, mama. Wengi wanakosea.
Wanamtafuta mzee mmoja wa reli."

Sikukata. Naye hakukata.
Nikagonga simu kwa ukucha, mara moja,
nikainama kusikiliza.