Jicho la Kulipia

Ngazi za mbao zililalamika chini ya miguu yetu
hadi ghorofani, juu ya duka la mkate,
katika mji mdogo wa Thuringia, theluji ikidondoka vigaeni.
Tiketi: karatasi ya kijivu yenye muhuri wa farasi.

Humu kila kitu kimepungua.
Sufuria zisizozidi tondoo.
Mkate wa plasta umekatwa nusu, kisu bado kimesimama.
Darasani, wanafunzi kumi na wawili wa mti,
mmoja ameelekezwa ukutani,
na adhabu yake haijaisha tangu enzi za mfalme.

Jorinde, binti yangu, alibandika pua kwenye kioo;
pumzi yake ikatanda ukungu juu ya sebule ya matajiri.
Akaufuta kwa mkono wa sweta, akauliza kwa sauti:
"Nani alicheza navyo?"

Bi Gerlinde Oschatz, mlinzi wa Jumatano,
akaweka chini kitambaa chake cha vumbi.
"Sijui. Aliyecheza sikuwahi kumwona.
Mimi nilipaka macho."

Akatuonyesha, hewani, bila kitu mkononi:
kichwa cha kaure hapa, kati ya vidole viwili,
nukta ya buluu, nukta nyeusi,
na mwisho kabisa chembe nyeupe, ndogo,
ya kumtia mtu uhai.
Jikoni, baada ya shule. Mama akikoroga rangi,
kaka Eberhard akipanga vichwa kwenye trei
kama maandazi yanayosubiri mafuta.
Ukikosea jicho, unalilipia.
Jumamosi kikapu kilishuka kituoni mgongoni mwa mama,
nasi tukabaki na brashi zilizonyonyoka nywele.
Hizo ndizo tulizozipa majina,
hizo ndizo tulizozilaza.

"Hukuficha hata mmoja?"
Bibi akacheka, meno ya bandia yakagongana.
Kabati la mwisho, lile lisilo na taa,
akalifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni.
Mwanasesere mmoja tu, mwenye makengeza:
jicho la kushoto ladirisha theluji,
la kulia latukagua sisi.
"Huyu sikumficha," akasema. "Nilimlipia."

Tulishuka kimya.
Dukani tukanunua mkate,
ukawa mkubwa mno mikononi, wa moto,
kama uliookwa na majitu.
Na Jorinde, njia nzima hadi nyumbani,
alifumba jicho moja, akafumbua,
akafumba la pili.