Dumu la Mikono

Wiki ile maji ya Mitema hayakupanda mlimani.
Newala nzima dumu likafika elfu moja, tena la kubembeleza.
La kwangu nililifungia chumbani:
hili si la kupikia. Hili la mikono.

Nesi Shemsa alinifundisha kama anayemfunza mtoto kusoma.
Sabuni, katikati ya vidole, chini ya kucha,
hesabu mpaka ishirini, wala usifutie kanga.
Mimi mpuliza salfa, viganja vimeota magamba,
ndimi niliyekabidhiwa mpira mwembamba
unaoingia chini ya mtulinga wa Somoe, ukashuka
hadi mlangoni pa moyo.
"Dawa ya saratani inapita hapa," alisema.
"Na kingine chochote kikipata nafasi."

Jumanne usiku kitanda kikaanza kugonga ukuta.
Baridi ya Julai naijua. Haigongi hivyo.
Jirani: malaria hiyo, mpe mseto.
Mama mkwe: ni ile ming'oko, haikuiva.
Kipimajoto: thelathini na tisa na pointi mbili.
Na karatasi ya Shemsa ukutani, kwa wino mwekundu:
ikifika thelathini na nane, usingoje kukuche.

Gari la ushirika likatushusha Mtwara,
Somoe mbele kwa dereva, mimi nyuma na magunia matupu.
Damu wakaichota mara mbili,
mkononi, kisha kwenye mpira,
chupa mbili, jina moja.
Ya mpira ndiyo iliyoota kwanza.

Nikamuuliza daktari: ni mkono wangu?
Akafunga faili, akalifungua tena.
"Mdudu huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu.
Hata yangu."
Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Wakauvuta mpira. Sikujua ni mrefu vile.
Mke wangu siku zote hizo
alilala na kamba yote ile ndani,
akinicheka ninavyohesabu kwa sauti.

Siku ya nne homa ikashuka.
Akaomba kunawa uso. "Kikombe kimoja tu," akasema,
"yasije yakakuumiza."
Alisahau tuko wapi.

Nje ya wodi bomba lilikuwa linamwaga, halina mwenyewe.
Nikanawa. Kumi na tisa, ishirini.
Nikatazama viganja.
Moja. Mbili.