Uzi Mwekundu

Yalitoka sitini na tatu tu.
La sitini na nne halikuvishwa bodi;
liliuzwa kwa kilo, pamoja na birika la chai.

Leo lile la sitini na tatu, kitindamimba,
limeletwa uwanjani Kidderminster.
Nyasi zimelowa, maturubai yanadondosha,
na mwenyewe analipangusa boneti
kama anayempangusa mtoto kamasi mbele ya wageni.
Bwana Lionel Askwith, daktari wa meno, mstaafu.
Anahesabu sifa: silinda sita,
bati la alumini lililogongwa kwa mkono,
kijani kilekile, kioo kilekile,
viti vya ngozi vilevile, havijaguswa.

Havijaguswa!
Nilivigusa mimi, bwana,
Februari ile bomba lilipopasuka kwa barafu
na Percy Dodd akawa anayeyusha gundi kwa pumzi na matusi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
subana kidoleni, sindano mdomoni,
na ngozi ngumu kama jibu la mkwe.
Mafundi wa injini walichongewa majina kwenye kibati.
Washonaji tulipewa glavu, jozi moja kwa watu watatu.

Uzi wa kahawia ulikwisha Jumatano.
Muuza uzi akasema: deni kwanza.
Basi mama akanitolea kwenye mfuko wa aproni
uzi wa kiwanda cha mazulia, mwekundu, wa wizi,
nikaupaka nta ya mshumaa,
nikafunga mshono wa chini, pasipoonekana.
Ijumaa tulikuta kufuli langoni.
Mshahara wa wiki ile naudai mpaka kesho.

Jaji amepiga magoti topeni, tochi mkononi,
anachungulia chini ya kiti cha dereva, anaandika.
"Uzi mwekundu. Ukarabati wa baadaye. Toa alama mbili."
Bwana Askwith ananywea kama puto la juzi.

Nikasema: ni wangu.
Jaji akauliza: una hati?
Nikamwonyesha kidole,
kovu la sindano lililopita hadi kwenye kucha.
Alilitazama kwa adabu.
Fomu yake haikuwa na pa kuliandika.

Alama hazikurudi.
Ila Bwana Askwith, bila neno, alinifungulia mlango.
Gari lenyewe liko chini kama mkeka,
na magoti yangu yana miaka themanini na miwili;
kuingia ilikuwa kazi ya watu wawili na mwavuli.

Nikakaa.
Harufu ya petroli, ya ngozi, ya mbwa wa mtu.
Nje walikuwa wakimpigia makofi mwenye kikombe.
Nikapitisha mkono chini ya kiti, gizani,
nikahesabu kwa ncha ya kidole,
kumi na nne, kumi na tano,
hadi shono la mwisho.
Limelegea kidogo.
Siku ile nilikuwa nawahi basi.