Kile Kinukta

Tangu mfumo uje, kazi zajipanga zenyewe.
Shimanzi, orofa ya pili, mimi
nimekaa kama mkwe aliyekatazwa jikoni.

Zamani lebo moja ilinila mchana kutwa:
kingo, rangi juu ya rangi,
mistari ya msimbopau niihesabu kwa kucha.
Sasa chai haijapoa, arubaini zimepita.
Nisikufuru: juzi umenasa tarakimu iliyopotea
kwenye kopo la achari.
Kopo hilo nimelipitisha mimi, miaka mitatu.

Leo Msellem wa sahani za chapa apiga simu kutoka chini:
"Mwanamkuu, hebu shuka."
Nashuka. Naisoma karatasi ya sabuni: NGARA.
Ng'ara yetu, iliyofua kanzu za Kongowea nzima,
imehamia Nairobi.

Mfumo uliona kidude juu ya herufi,
ukadhani vumbi, ukapangusa.
Sahani nne zimeshachomwa.

Tulicheka, kisha hatukucheka.
Nikapanda, nikaandika kanuni:
hilo si vumbi, usiguse.
Ukajibu kwa kijani: Imepokelewa.

Kesho zaingia tende, boksi lenye Kiarabu,
nukta juu, nukta chini.
Meneja amesema niende nyumbani mapema.