Kabla Mabati Hayajapata Moto

Saa moja na robo, Pasua bado ina baridi.
Mlima umevua shuka, unaonekana mpaka mikunjo ya shingo,
nami napanda ngazi ya zege, kompyuta kifuani,
kama mwizi aliyejiibia mwenyewe.

Nina saa moja na ushee, basi.
Baadaye mabati ya mtaa mzima yatashika moto,
hewa itachezacheza kama maji ya kunawa,
na jua, hata ulitazame kwa kioo cha ukubwa wa ungo,
litakuwa uji.

Kioo alikisaga kaka yangu Elirehema,
miezi kumi na mmoja bandani, mbuzi wakimsikiliza:
mchanga, maji, duara, duara, robo ya hatua, duara.
Inchi kumi na mbili.
Bomba tulichomelewa na fundi wa Njoro
aliyedhani ni tangi, akauliza maji tutayatoa wapi.
Mdomoni nimelivisha chujio la fedha,
nikalikaza kwa mpira wa tyubu, mizunguko mitatu,
nikalikagua dhidi ya anga, nikitafuta tundu la sindano,
maana jua halisamehe:
lingenila jicho kabla sijasema "aa".

Mkate wangu ni picha za pasipoti.
Kaa wima. Usicheke. Masikio yaonekane.
Watu hutulia kwangu kama wanaopigwa sindano.
Huyu mteja wa asubuhi hatulii.
Nampiga picha elfu nne kwa dakika moja,
natupa elfu tatu na mia tisa,
zile ambazo hewa ilipiga chafya,
mia zinazobaki nazilaza moja juu ya nyingine
kama chapati, mpaka uso utokee.

Na uso ukitokea,
si ile sahani ya njano ya daftari la darasa la pili.
Ni mchele.
Punje kwa punje, zimebanana, zinatokota,
na kila punje ungeweza kuitandaza kutoka Dar mpaka Kigoma
ikabaki ya kulowa ziwani.
Punje huzaliwa, huvimba, hupasuka,
muda wa kusonga ugali wa watu wanne.
Nuru yake nayo husafiri dakika nane na kidogo kunifikia.
Ninapoishangilia, kule pengine ni matanga.

Leo kuna doa.
Nalifuata siku ya tatu, linatambaa kuelekea ukingoni,
jeusi katikati, pembeni kope ndefu nyembamba
zote zimeelekea ndani,
kama jicho linalojizuia kulia.
Dukani wateja huniongezea elfu moja niwafutie doa:
chunusi, kovu la utotoni, baka la mafuta ya moto.
Nafuta. Nina kidole chepesi.
Huku juu nimemaliza akiba ya miaka mitano
kutafuta moja.

Mama yuko chini.
Macho yote mawili yana mtoto wa jicho,
anasubiri zamu yake KCMC, mwezi wa kumi na moja.
"Aikande, umelipata?"
Kwa Kiswahili, jua ni jina na ni amri.
Kwa Kichagga chake, jua na Mungu ni Ruwa, neno moja,
kwa hiyo sijui kila mara anauliza nini.
Nampa karatasi, bado ina joto la mashine.
Anaipapasa. Anainusa. Anaipeleka dirishani,
upande ule ule alipo mwenye picha.
"Naona weupe," anasema. "Weupe tu.
Na wewe?"

Juu ya vichwa vyetu mabati yameanza kulia,
ta, ta,
yakijinyoosha.

Saa tatu nafungua duka.
Kijana anataka picha nne, mandhari ya bluu,
shavuni ana baka, amelifunika kwa kiganja.
"Dada, hili si utalitoa?"
Kaa wima, namwambia.
Shusha mkono.