Daftari la Wanachama

Mchana Bwana Seshachalam alikadiria kodi ya mashamba ya mpunga
hapa Tirunelveli, wino ukimkaukia kalamuni.
Usiku alichora pembetatu nyuma ya risiti zilizofutwa.

Mimi, tarishi wake, nililamba stempu kumi na tisa:
za walimu, za mhandisi wa reli, za hakimu wa Madurai.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema,
"wala hakithibitishi kanuni."

Miezi miwili, kimya.
Kisha kadi moja, herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na mvua:
mstari wa saba una kosa.

Aliisoma peku, mlangoni, akanishika mkono — mimi!
"Sudalaimuthu, chama kimezaliwa!"

Akafungua daftari jipya.
Namba moja, akaandika jina la aliyemkosoa.