Kofia, Mara Mbili

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
chini kabisa ya hospitali moja mjini Lewiston, Maine,
mashine nane za kufulia zimeanza kuguna,
na Thibodeau na Ouellette wameanza kabla ya mashine.

"Wezi," anasema Ouellette. Hajavua hata glavu.
"Timu yako ni wezi wenye kamera.
Kijana wenu alisimama ukingoni akirekodi mikono ya kocha wetu,
kila kidole, kila pigo la paja,
mkaenda kulala na ushindi wa kuiba."

Thibodeau anakunja shuka, pembe kwa pembe, taratibu,
kama anayemfunika maiti asiyemjua.
"Mkono unaopungwa mbele ya watu elfu sitini
una siri gani? Ukitaka siri, nong'ona.
Aanikaye nguo barabarani
asimlaumu mpita njia kwa kuona viraka."

"Kuona si kurekodi!"
"Jicho nalo ni kamera, mjinga wewe."
"Sheria ni sheria!"
"Na glavu zenu za mwaka juzi, zile zilizopakwa gundi?"
"Haikuthibitishwa."
"Haikuthibitishwa! Msikieni!"

Wananigeukia mimi, kwa sababu sina timu.
Mpira ninaoujua mimi ni wa duara na hupigwa teke;
huu wao una umbo la yai, hukumbatiwa kama mtoto,
na kila baada ya pumzi tatu watu husimama
kushauriana, utadhani baraza la ardhi.
"Lusambo, uwe refa."

Nasema sijui.

Siwaambii habari za Ujiji, mjomba Feruzi na mimi
tukicheza karata na wauza mawese:
akigusa sikio, ana ree; akikohoa, hana turufu;
akikuna goti, Mungu wangu, tupa upesi.
Tulikula sukari ya watu kilo kwa kilo
mpaka siku mke wa mmoja wao, aliyekuwa pembeni akisuka ukili,
aliposema bila kuinua macho:
"Leo sikio linamwasha sana Feruzi."

Siwaambii pia mwaka wangu wa kwanza humu,
Kiingereza kikinipita kama treni isiyo na kituo kwetu,
nikaishi kwa kuiba mikono ya msimamizi:
vidole viwili, toroli mbili; kiganja chini, punguza moto;
akigonga saa yake, kuna mtu atakwenda na maji.
Nilimsoma mpaka nikajua kichwa kinamuuma
kabla yeye hajatafuta kidonge.
Nani alinipa ruhusa?

Wao wanaendelea. Ouellette ameiva uso mpaka masikioni.
"Mtu anayedanganya mchezoni," anasema,
"atadanganya popote."

Thibodeau anafungua mdomo.
Anaufunga.
Miaka minne nipo hapa, sijawahi kumwona
akiuacha mpira chini namna ile.

Maana kila Jumatano mke wa Ouellette husafishwa damu,
saa ile ile zamu inapoanza, na ni lazima apelekwe,
na kadi ya Ouellette hugongwa saa kumi na moja kamili
kwa mkono usio wa Ouellette.
Nimeuona. Mwezi wa saba huu nauona.

Zamu inakwisha. Hawajasemezana tangu chai.
Ouellette anafika mlangoni, koti begani, anasimama,
anagusa ukingo wa kofia yake,
ile yenye nembo ya timu isiyoiba,
kwa kidole gumba,
mara mbili.

Thibodeau anatazama shuka.
Anatazama shuka kwa muda mrefu.
Kisha anakuna kidevu,

nami nageukia mashine namba sita,
nakodolea macho kanzu za wagonjwa zikizunguka,
kama mtu asiyejua kusoma.